Ubao Ulimfunza Kuona Kabla ya Kushika Kamera

Juma lililopita shemeji yangu alifika kwangu akiwa na kesi. Hakuketi kwanza akangoja chai kama ilivyo ada yake. Alianza kuieleza angali mlangoni. Mwanawe, ambaye ni mpwa wangu, ni kijana wa miaka 19. Kwa miaka minne kijana huyo amekuwa akiteleza kwa ubao wa magurudumu katika vijia vya jiji la Nairobi, mchezo ambao vijana wenyewe huuita skeitibodi. Mwezi uliopita aliteguka kifundo cha mguu, na daktari akamwamuru apumzike. Shemeji alishukuru kimoyomoyo, akidhani kuwa ubao umefika mwisho wake. Kumbe mwisho wa hili ulikuwa mwanzo wa lile! Kijana alipoona hana la kufanya, alianza kutafuta kamera kuukuu ya kununua.

"Shemeji," akaniambia, "mtoto huyu ameuacha upuuzi mmoja akaukumbatia mwingine. Wewe ndiwe mjomba wake. Mwite umkanye."

Nilimwomba anipe siku saba. Siku hizo nimezitumia kumfikiria mtu ambaye hana ujamaa nasi, Mmarekani aitwaye Ed Templeton. Leo naomba ruhusa yako, msomaji mpendwa, nikusimulie habari zake, kwani naamini zinamhusu mpwa wangu, zinamhusu shemeji yangu na, kama nitakavyokiri kabla sijaweka kalamu chini, zinanihusu mimi mwenyewe.

Yafaa kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Skeitibodi ni ubao wa urefu wa takriban sentimita 80, uliotengenezwa aghalabu kwa tabaka saba za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na chini yake yamefungwa magurudumu manne madogo. Ulianza kutumiwa California katika miaka ya 1950 na vijana waliozoea kupanda mawimbi ya bahari, ambao walitaka kuteleza nchi kavu siku ambazo bahari imetulia. Mchezaji huukanyaga mkia wa ubao kwa nguvu kwa mguu wa nyuma, kisha huuburura mguu wa mbele juu yake, na ubao huruka pamoja naye bila ya kushikwa kwa mkono. Kwa mbinu hiyo huruka ngazi, hupanda kingo za mawe na huteleza juu ya vyuma vya kushikilia. Asiyeuelewa mchezo huu huona fujo tupu. Hata hivyo, uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na msichana wa Kijapani, Momiji Nishiya, akatwaa nishani ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 13.

Templeton alizaliwa mwaka 1972 kusini mwa California, akakulia Huntington Beach, mji wa pwani unaosifika kwa mawimbi yake na kwa gati lake refu linaloingia baharini. Kufikia mwaka 1990 alikuwa mchezaji wa kulipwa. Katika mchezo huu, kulipwa hakumaanishi kuandikwa na klabu kama ilivyo katika kandanda. Mchezaji hudhaminiwa na kampuni ya kutengeneza mbao, kampuni hiyo huuza ubao wenye jina lake, naye hupata fungu lake katika kila ubao unaonunuliwa. Akiacha kuonekana, ubao wake huacha kununuliwa. Wala hakuna malipo ya uzeeni. Mwaka 1993 Templeton alianzisha kampuni yake mwenyewe, Toy Machine, na michoro iliyopambwa kwenye mbao zake akawa anaichora kwa mkono wake. Kwa hivyo hakuwa mtu wa miguu pekee. Tayari alikuwa na jicho la msanii.

Mwaka 1994 alianza kupiga picha kwa dhati. Sikiza basi kisa hiki, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Hakuanza kupiga picha kwa sababu mchezo ulikuwa umemshinda. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, nguvu zikiwa tele, jina lake likijulikana, akizunguka miji ya Marekani na Ulaya pamoja na vijana wenzake ndani ya magari ya safari. Alichotambua ni kwamba alikuwa katikati ya jambo ambalo halingedumu, na kwamba yeye alikuwa ndani yake huku wengi waliolipiga picha walikuwa nje.

Labda utauliza: je, mchezo huo haukuwa na wapiga picha? Walikuwako, tena hodari. Majarida ya skeitibodi kama vile Thrasher, lililoanza mwaka 1981, yaliishi kwa picha. Katika ulimwengu huo, kuruka ambako hakukunaswa kwa picha au kwa filamu ni kana kwamba hakukutokea. Lakini mpiga picha wa jarida alitafuta kitu kimoja: kijana akiwa hewani, ngazi zikiwa chini yake, ubao ukiwa umenata miguuni. Picha hiyo ni ya sehemu ndogo ya nukta moja. Je, saa nyingine zote za siku? Ni nani aliyempiga picha kijana huyo akiwa amelala kwenye kiti cha gari mdomo wazi, au akiosha kidonda cha kiwiko katika choo cha kituo cha petroli, au akingoja kwa saa tatu mvua ipuse, au akizungukwa na watoto wanaotaka awatilie sahihi viatuni? Hayo ndiyo aliyoyapiga Templeton. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikilalia.

Hakuvumbua njia hiyo peke yake, na kamwe hajificha waliomtangulia. Larry Clark alikuwa ametoa kitabu chake Tulsa mwaka 1971, chenye picha za marafiki zake mwenyewe waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya katika mji alikozaliwa. Nan Goldin naye alitoa mwaka 1986 kitabu cha picha za marafiki na wapenzi, wengi wao mjini New York. Templeton aliwasoma hao, akayatazama maisha ya wateleza ubao kwa jicho hilo. Mwaka 1999 kikatoka kitabu chake chembamba, Teenage Smokers, cha picha za vijana wadogo wakivuta sigara. Mwaka 2002 kikafuata The Golden Age of Neglect. Mwaka 2004 kazi zake zilikuwamo katika maonyesho ya Beautiful Losers yaliyoanzia Cincinnati, na mwaka 2010 jumba la makumbusho la S.M.A.K. la Ghent, nchini Ubelgiji, likamfanyia maonyesho makubwa ya peke yake.

Kisha, mwaka 2012, mwaka aliotimiza miaka 40, alivunjika mguu akiwa juu ya ubao. Huo ukawa mwisho wa maisha yake kama mchezaji wa kulipwa. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini moshi huo ulipokwenda, yeye hakubaki mikono mitupu. Alikuwa na miaka 18 ya filamu zilizosafishwa na kutunzwa. Mwaka 2023 shirika la Aperture lilichapisha kitabu chake Wires Crossed, chenye picha za tangu mwaka 1995 hadi mwaka huo wa 2012, na ndani yake mna mifupa iliyovunjika, ulevi, uchovu, urafiki na upumbavu wa ujana, vyote bila ya kupakwa rangi.

Nimejiuliza ni nini hasa kilichoupeleka mguu kwenye jicho. Watu husema, "Aliacha hili akaenda kwa lile," kana kwamba ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Mimi siuoni ukuta huo. Mteleza ubao hulisoma jiji kwa namna ambayo mimi na wewe hatulisomi. Sisi tukiona ngazi za benki tunaona njia ya kuingilia benki. Yeye huona idadi ya vidato, ulaini wa saruji, ufa utakaolizuia gurudumu, mahali jua litakapomchoma macho saa kumi alasiri, na bawabu atakayetoka na rungu. Huyapima haya yote kabla ya kuukanyaga ubao. Mpiga picha wa mitaani naye hufanya nini kingine? Husimama pembeni, hupima mwanga, hukisia nani atapita wapi, kisha hungoja.

Fauka ya hayo, kuna subira. Mbinu moja ya ubao huweza kujaribiwa mara hamsini, na mara zote hamsini mtu akaanguka. Asiyejua kuanguka hawezi mchezo huu. Filamu nayo ni vivyo hivyo: picha 36 katika mkanda mmoja, na mtu akipata moja ya kuhifadhi hushukuru. Templeton ameshikilia filamu hata katika zama hizi za kamera za dijitali, na picha zake huzisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. Pembezoni mwa nyingi huandika kwa mkono ni nani, ni wapi, na ni nini kilichotokea. Maandishi hayo yananigusa kuliko hata picha. Picha isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na alama: pana mtu hapo, lakini ni nani?

Sasa nitimize ahadi yangu ya kukiri. Katika ujana wangu nilicheza kandanda katika timu ya kampuni moja, timu ambayo haipo tena, nami sitaitaja. Goti langu la kulia liliniasi mwaka 1987, na huo ukawa mwisho. Katika misimu mitano ile nina picha moja tu, iliyokatwa gazetini. Mpiga picha alimlenga mfungaji bao, na haki ilikuwa yake. Mimi nimo pembeni: unaonekana mguu wangu mmoja na soksi iliyoporomoka. Mke wangu hucheka kila aionapo, nami hucheka naye.

Lakini yako mambo ambayo siyachekei. Tulikuwa na mzee aliyetushonea viatu. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, sindano yake kubwa ikiwa mdomoni, na alikuwa na desturi ya kugonga soli mara tatu kabla ya kukurudishia kiatu, kana kwamba anabisha hodi. Hakuna gazeti lililompiga picha, maana hakufunga bao. Hakuna picha ya basi letu likiwa limekwama matopeni na sisi tukilisukuma tukiwa na jezi za kesho yake. Hakuna picha ya kipa wetu, marehemu sasa, akiandika barua kwa mchumba wake mwangaza wa kibatari. Tulikuwa wachezaji zaidi ya ishirini na hapana hata mmoja wetu aliyewaza kuazima kamera. Tulidhani kwamba kuweka kumbukumbu ni kazi ya wengine. Leo uso wa yule mzee unaanza kunitoka, na nikifa utakuwa umekwenda kabisa.

Hii ndiyo sababu sikuweza kumkanya mpwa wangu.

Hata hivyo, shemeji yangu si mtu wa kupuuzwa, na hoja zake nimezipima. Hoja ya kwanza ni riziki. Anasema kuwa Marekani ina majumba ya sanaa na wanunuzi wa vitabu vya picha, ilhali hapa kwetu mpiga picha ni wa harusi na wa mazishi. Kuna ukweli ndani yake. Hata huko Marekani, wateleza ubao waliopata makao katika upigaji picha ni wachache. Yupo Arto Saari, mzaliwa wa Ufini, ambaye jarida la Thrasher lilimtawaza kuwa mchezaji bora wa mwaka 2001, na ambaye majeraha yaliyomwandama yalimsogeza hatua kwa hatua nyuma ya kamera. Yupo Jerry Hsu, ambaye mwaka 2019 alitoa kitabu cha picha alizozipiga kwa simu yake ya mkononi. Hao ni mifano, si kanuni. Kwa kila mmoja wao wamo wengi ambao mguu ulipovunjika walirudi kwao kimya kimya.

Lakini hebu tuigeuze hoja hiyo. Iwapo kazi ya mguu ina mwisho unaojulikana, je, si busara kuianza kazi ya pili kabla ya mwisho huo kufika? Templeton hakungoja mwaka 2012 ndipo anunue kamera. Alikuwa na miaka 18 ya mazoezi siku mguu ulipovunjika. Wanamichezo wetu wangapi, wakimbiaji na mabondia na wanakandanda, hujifunza ujuzi wa pili wakati wa kwanza ungali unawalipa? Aghalabu sisi hungoja goti litutangazie. Na harusi na mazishi si kazi ya kudharauliwa. Yeyote ambaye hana picha ya mazishi ya mamaye anajua hivyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya heshima. Shemeji aliuliza: "Atawapiga picha watu wakiwa katika aibu zao?" Hapo niliduwaa, kwa sababu sina jibu jepesi. Katika picha za Templeton wamo vijana walio uchi, walevi, na watoto wenye sigara kinywani. Amewapiga pia watu wengi wasiomjua, kwenye gati la mji wake na kando ya bahari. Wako wanaoona kuwa huo ni ushahidi, na wako wanaoona kuwa ni uchuuzi. Mimi naona kuwa aliye ndani anayo haki ya kuona ambayo aliye nje hana, lakini haki hiyo huja na deni. Rafiki aliyekuruhusu kumwona akilia hakukupa ruhusa ya kumuuza. Hapa kwetu tunayo hata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayoipa picha ya mtu heshima ya kisheria. Lakini kabla ya sheria kuna utu. Templeton mwenyewe aliziweka nyingi za picha hizo kwa miaka mingi kabla ya kuzikusanya katika kitabu, na nadhani muda ni sehemu ya heshima.

Msomaji asinielewe vibaya akadhani kwamba naupigia debe mchezo wa kigeni. Skeitibodi si ya kigeni tena kwetu. Tangu mwaka 2006 kuna uwanja wake Kitintale, jijini Kampala, na mwaka 2013 ukajengwa mwingine hapa Nairobi, huko Kangemi, katika makao ya watoto ya Shangilia. Watoto wa Afrika Mashariki wameanguka juu ya saruji hiyo na kuinuka kwa miaka mingi sasa. Picha zao nzuri nilizowahi kuziona, nyingi zilipigwa na wageni waliokuja kwa majuma machache wakaondoka. Siwalaumu wageni hao. Heri wao waliokuja na kamera kuliko sisi tuliokuwa na macho tu. Lakini mgeni huona kile kinachomshangaza. Humwona mtoto maskini akiruka hewani. Hamwoni mama yake anayeuficha ubao chini ya kitanda siku za mtihani.

Basi nilimwita mpwa wangu. Alikuja akichechemea, akaketi mbele yangu kama mshtakiwa. Nikamwambia kwamba nitamchangia nusu ya bei ya kamera, kwa masharti matatu. La kwanza, masomo yake ya chuo yasiguswe. La pili, asimwonyeshe mtu yeyote picha ya mwenzake kabla ya mwenzake huyo kuiona na kukubali. La tatu, nyuma ya kila picha aandike jina la aliye ndani yake, mahali na tarehe.

"Hilo la tatu la nini, mjomba?" akauliza. "Majina yao nayajua."

"Unayajua leo," nikamjibu.

Kabla kamera haijanunuliwa aliniletea picha kumi alizozipiga kwa simu ya dadake akiwa ameketi pembeni na mguu wake uliofungwa bendeji, akazichapisha kwenye kibanda kimoja cha mtaani. Tisa zilikuwa za kuruka, kama zile za majarida. Ya kumi ilikuwa ya vijana watano walioketi kwenye ukingo wa barabara, wakila viazi vya kukaanga kutoka mfuko mmoja, na ubao uliokatika vipande viwili ukiwa miguuni pao kama maiti wanayemkesha. Hakuna aliyekuwa akiitazama kamera, maana hawakuona kuwa kuna mgeni.

Nilimwita shemeji nikampa hiyo ya kumi bila neno. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaisogeza karibu na dirisha, akaweka kidole juu ya kijana wa mwisho, aliyekuwa akifuta jasho kwa shati lake.

"Huyu wa pembeni ni nani?" akauliza.

Nikamwambia aigeuze, asome nyuma.